Kapandeni bustani, mkale

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Yeremia 29:4-7.

Barua hii kwa mateka wa Babeli tunaijua kwa aya ya 11, ile ya mawazo ya amani. Ndiyo tunayoibandika ukutani. Aya ya 5 huwa tunairuka: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Watu wanalilia kwao, wanaambiwa washike jembe!

Nimemkumbuka Angelo Pellegrini. Alizaliwa Toscana, Italia, mwaka 1904, kwa wakulima maskini. Mwaka 1913 familia ilimfuata baba, aliyetangulia Marekani kufanya kazi ya reli, wakakaa McCleary, mji mdogo wa mbao jimboni Washington. Mtoto yule aliingia darasani hajui neno la Kiingereza. Ukubwani akakifundisha hichohicho Kiingereza Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Wengi wangeishia hapo kumsifu. Mimi navutwa na bustani yake.

Profesa alilima mwenyewe. Alipanda mboga na viungo vya kwao, akatengeneza na mvinyo nyumbani. (Naona mliokunja uso. Tuuache mvinyo kwa leo.) Mwaka 1946 jarida la Sunset lilichapisha maelekezo yake ya pesto: mrehani uliopondwa na kitunguu saumu, jibini na mafuta ya zeituni. Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu chake, The Unprejudiced Palate, akiwahimiza Wamarekani walime, wapike na wakae mezani kwa furaha.

Sisi wa pwani mrehani tunaujua kwenye kikuba, si kwenye sahani. Juzi nimeuponda wa uani kwangu, nikatia korosho, jibini sina. Mume wangu alinusa akauliza kama ni dawa. Akamaliza bakuli.

Neno linalonishika ni "mkale". Mungu hakusema wapande tu ili wasikae bure. Aliyehamishwa huweza kuishi miaka na begi mlangoni, kila kitu "tutafanya tukirudi". Ila anayepanda mti wa matunda amekubali kuwepo hapo msimu ukifika. Na aya ya 7 inamtaka auombee amani mji uleule uliomteka, jambo gumu kuliko jembe.

Pellegrini alifariki mwaka 1991, Seattle.

Tuombe. Bwana, wakumbuke walio mbali na kwao, wanaochimbua udongo wasioujua. Mbegu zao ziote. Na wakipakua, awepo jirani wa kula naye. Amina.