Siku moja na programu ya mlango unaofunguliwa kwa pakiti moja

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya chai nafungua kumbukumbu za seva mbili za majaribio. Ni pacha: ya kwanza tumeiacha na poti 22 ya SSH (njia ya kuingia na kuiendesha seva kutoka mbali) wazi kwa dunia nzima, ya pili inalindwa na programu tunayoiandika hapa Dar es Salaam. Kwenye ya kwanza, roboti zimekesha usiku kucha zikibahatisha majina ya watumiaji: root, admin, ubuntu, postgres, mistari mpaka kidole kinachoka kuteremsha. Ya pili haina jaribio hata moja la kuingia. Wageni walifika vilevile, ila ukuta wa moto (firewall, kichujio cha mawasiliano ya mtandao) ulizitupa pakiti zao, yaani vifurushi vidogo vya data, bila kujibu neno, na asiyejibiwa hana cha kushika.

Anayeruhusiwa kuingia hutuma kwanza pakiti moja iliyosimbwa, ya aina ya UDP, yaani inayotumwa bila kungoja jibu. Programu yetu inaichungulia ikipita, na ikiridhika inaongeza kanuni ya sekunde 30 kwenye ukuta wa moto: anwani hii, poti hii. Muda ukiisha kanuni inafutwa, lakini aliyekwisha kuunganishwa anaendelea na kazi yake kwa sababu Linux inakumbuka miunganisho iliyo hai.

Wazo si letu. Mwaka 2003 Martin Krzywinski aliandika kuhusu kubisha hodi kwenye poti kadhaa kwa mpangilio wa siri. Tatizo ni kwamba anayesikiliza njiani anauona mpangilio wote na anaweza kuurudia. Michael Rash, mwandishi wa programu ya fwknop, akaleta mwaka 2005 njia ya pakiti moja yenye usimbaji ndani yake. Mpaka leo, tukibishana hapa ofisini, msimbo wa fwknop ndio tunaoufungua kwanza.

Saa 3:00. Kikao kifupi, kisha msimbo. Leo napitia mpangilio wa ukaguzi, na hapa sina haraka. Pakiti ikifika tunaangalia urefu wake kwanza. Pili, HMAC, muhuri unaotengenezwa kwa ufunguo wa siri: je, imetiwa muhuri na mwenye ufunguo? Hapo ndipo tunapoifungua, na ndani tunakuta namba za nasibu, jina la mtumiaji, saa ya kutumwa, anwani na poti anayoiomba. Ukianza kufungua kabla ya kuhakiki muhuri, umempa kila mtu duniani ruhusa ya kuuchezea msimbo wako wa kusimbua. Mhandisi mwenzetu aliyeanza karibuni ameniuliza kwa nini situmii ulinganishi wa kawaida kati ya HMAC mbili. Nimemwonyesha kwenye skrini: ule wa kawaida unakoma pale baiti mbili zinapotofautiana, na tofauti hiyo ndogo ya muda inaweza kumfundisha mvamizi amekaribia kiasi gani. Wetu unapita baiti zote, zilingane zisilingane.

Saa 5:20. Simu kutoka kwa fundi wa mteja, Mwanza. "Kaka, natuma pakiti, mlango haufunguki. Ufunguo ni uleule wa jana."

Namwomba aandike `date` kwenye kompyuta yake, nami naandika kwenye seva. Saa yake iko nyuma kwa zaidi ya dakika nne. Pakiti yenye umri unaozidi sekunde 120 tunaikataa. Anawasha usawazishaji wa saa, anatuma tena, anaingia. Kisha anaomba tuongeze muda uwe dakika kumi ili wasisumbuke, na nakataa kwa upole. Kila pakiti iliyokubaliwa tunaitunzia alama yake ya SHA-256, kama alama ya kidole, ili isitumike mara ya pili, na kadiri dirisha linavyopanuka ndivyo orodha hiyo inavyopaswa kutunzwa kwa muda mrefu zaidi, na ndivyo pakiti iliyonaswa njiani kabla ya kufika inavyobaki na uhai. Dawa ya saa mbovu ni kurekebisha saa.

Saa 7:00 mchana. Wali na maharage kwa mama ntilie, narudi.

Saa 8:00. Jaribio ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote kwa huku kwetu. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya umma. Nachukua simu mbili za mtandao mmoja. Ya kwanza inatuma pakiti halali. Ya pili, isiyo na ufunguo wowote, inajaribu SSH, na SSH inaijibu! Kwa seva, simu hizo ni mtu mmoja. Hajaingia, maana ufunguo wa SSH bado unamzuia, lakini amefika mlangoni ambako hakupaswa kufika.

Mchana wote unaishia hapo. Tumekubaliana kanuni ifutwe mara tu mtu wa kwanza anapounganishwa, isingoje sekunde 30. Nafasi inabaki, ila ni finyu zaidi, na kwenye mwongozo tutaandika wazi kwamba inabaki.

Saa 10:15. Mteja mwingine anauliza gharama hii ya nini, wakati SSH yake ina funguo imara. Namkumbusha mwaka 2024. Machi 29 Andres Freund alitangaza mlango wa nyuma uliopandikizwa kwenye xz 5.6.0 na 5.6.1, programu ya kubana data inayotumika kwenye Linux, aliufikia kwa kufuatilia kwa nini SSH yake inachelewa kama nusu sekunde. Julai ikatangazwa regreSSHion, kasoro ya OpenSSH, programu ya SSH inayotumika sana, inayoguswa kabla ya mtu kujitambulisha. Katika yote mawili, mvamizi anahitaji kwanza kuweza kuongea na SSH. Pakiti moja inamnyima hayo mazungumzo. Ameomba tumwekee kwenye seva moja aone.

Saa 12:00 jioni. Nawasha AFL, programu ya kutafuta kasoro, iishambulie sehemu inayosoma pakiti kwa takataka za kila namna hadi asubuhi. Sehemu hiyo ndiyo inayopokea kitu kutoka kwa yeyote, kwa hiyo nataka iwe fupi na ipigwe sana.

Kesho ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao wenye anwani nyingi mno. Huko simu inaweza kuwa na anwani yake yenyewe, na tatizo la mchana wa leo likapungua sana, mradi tufungue anwani moja kamili na si kundi zima la /64, yaani anwani zote zinazoanza kwa nusu ileile. Kanuni za nftables, ukuta wa moto wa Linux, nimeshaziandika, zinangoja kupimwa.