Niuze gari au pikipiki? Siku 30 za kuficha funguo

Tangu kazini wapunguze masaa ya watu, mimi nikiwemo, kuna swali moja lilikuwa linanifuata mpaka kitandani: niuze kipi. Nyumbani tulikuwa na vyombo viwili, gari la miaka 14 na pikipiki ya cc 150 ambayo ndo kipenzi changu, sifichi. Mshahara ulishuka karibu theluthi nzima ila kodi ya nyumba haikupata hiyo taarifa, ada za watoto nazo vilevile, na we unajua mambo yakianza kubana macho ya kila mtu yanaenda kwanza kwenye kile kilichopaki nje.

Ushauri niliupata hata kabla sijaomba. Shemeji akasema uza pikipiki, hiyo starehe yako tu, gari ni la familia. Jamaa mmoja kazini akasema thubutu, usiuze kitu chochote, ukishauza hununui tena. Mama yangu yeye alisema tu "mwanangu usiuze ukiwa na hasira" akabadilisha mada, nikaona kama hajanisaidia kitu.

Sasa kosa langu la mwanzo lilikuwa hili, nilikuwa naangalia chombo kikiuzwa kinaleta hela ngapi. Gari lingeleta kama mishahara minne, pikipiki mmoja na kidogo, kwa hiyo nikajiambia gari ndo liende, yameisha. Alafu usiku nakaa nawaza, sawa, hiyo hela inaingia mara moja, pengo langu mimi linakuja kila mwezi, miezi mitano sita mbele ntakuwa sina gari na pengo lipo palepale. Ndo nikachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa nikaanza kuandika sio bei, bali kila chombo kinakula nini.

Mafuta kila mtu anayaona kwasababu anayalipa kila siku mbili tatu. Vinavyouma ni vile vinavyokuja mara moja kwa mwaka au kwa miaka miwili unavisahau kabisa: bima, matairi, betri, brek pedi, oili na filta. Hivyo vyote unavipiga jumla alafu unagawa kwa 12, aisee hapo ndo nilishusha pumzi. Na kuna taimingi belti, ule mkanda wa injini unaofanya pistoni na valvu zipishane kwa wakati, fundi alikuwa ananikumbusha mwaka mzima. Kitabu cha gari lile kinasema ibadilishwe kila kilomita 100,000, mimi nilikuwa kwenye 112,000 naendelea kuchekacheka. Injini ya gari langu ni zile ambazo belti ikikatika mwendoni pistoni zinagonga valvu, na ukishafika hapo huongelei tena belti, unaongelea injini nzima.

Jumla ikaja hivi: gari linakula kama 22 katika kila 100 ninayopata saivi, pikipiki 5. Na hiyo 5 inanipeleka kazini na kunirudisha siku zote.

Hapo nikagundua hoja ya shemeji ina tundu. Pikipiki yangu kilomita 100 inatumia lita mbili na kitu, gari lita 9. Nikiuza pikipiki maana yake kesho asubuhi naenda kazini na gari, kwa hiyo ule mshahara mmoja na kidogo niliopata ungeisha kwenye tenki lenyewe la mafuta bila hata kuonekana. Watu wengi nadhani wanauza kile wanachokiona ni anasa, hawauzi kile kinachowamaliza.

Kingine watu walichokuwa wananiambia ni "uza haraka kabla halijashuka bei". Hiyo ni kweli kwa gari jipya, gari jipya mwaka wa kwanza tu linaweza kupoteza kama sehemu ya tano ya bei yake, hata zaidi, alafu kasi ya kushuka inapungua. Langu la miaka 14 lilishaporomoka zamani sana, kukaa nalo miezi sita zaidi hakubadilishi kitu kikubwa, kinachobadilisha ni likiharibika, maana gari lisilowaka mnunuzi anakuja na bei ya vyuma. Na kama gari lako lina mkopo jamani kabla hujamwita mnunuzi yoyote uliza kwanza deni limebaki kiasi gani leo, ukikuta deni ni kubwa kuliko bei unayoweza kuuza basi utakuwa unalipia gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Langu halikuwa na deni, hilo namshukuru Mungu.

Pamoja na daftari lote bado mkono ulikuwa mzito. Nikamwambia mke wangu, chukua funguo za gari zifiche siku 30, yoyote akilitaka gari aombe, na tuandike kwenye karatasi mlangoni mwa kabati analitakia nini.

"Na mimi je?"

"Na wewe pia."

"Kwa hiyo najiomba mwenyewe?"

Tukacheka ila alikubali, na karatasi ikabandikwa. Mpaka siku zinaisha gari liliombwa mara 11. Ukisoma ile karatasi saivi ni aibu, mara 7 ni uvivu mtupu, sehemu ya kutembea dakika kumi. Mara 4 ndo za ukweli: kubeba godoro, msiba wa mbali, mvua kubwa tukiwa na watoto wote wawili, na ile usiku.

Ile usiku ndo niieleze. Ilikuwa kama siku ya 23 hivi, mtoto wetu mdogo akaamka saa nane usiku anaungua, kipimajoto kinasoma 39.4, analia ameshika sikio. Mke wangu hakuniambia kitu, alikwenda moja kwa moja akatoa funguo kwenye buti lake la mvua (ndo alikozificha, mimi nilishatafuta kila droo) akanirushia. Nikatoka mbio, nikaingia, nikazungusha. Tik. Nikazungusha tena, tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia kama mshumaa. Betri imekufa. Gari zima lipo hapo, tenki nusu, matairi yana upepo, na haliendi popote. Yeye kasimama mlangoni na mtoto kajifunikia kitenge ananiangalia, mimi nimeshika usukani wa gari lililozima kama mtoto anayecheza.

Tuliita teksi, ikachukua dakika 25, na zile dakika 25 sitaki kuzirudia. Mtoto alikuwa na maambukizi ya sikio, alipewa dawa, kesho yake jioni alikuwa anaruka juu ya kochi. Ila njiani kurudi mke wangu akasema kitu kimoja: "Hili gari ni sisi tunalitunza, lenyewe halitutunzi."

Nilikuwa naliweka gari kwa ajili ya usiku kama ule, hiyo ndo ilikuwa sababu yangu kubwa ambayo sijaiandika kwenye daftari. Kumbe gari la dharura nalo linataka kulishwa. Asubuhi fundi akaja na kipimo, betri ilikuwa volti 11.7, wakati betri nzima iliyojaa ikiwa imepumzika inatakiwa kuwa kama 12.6. Alamu na saa na vikorokoro vingine vilikuwa vinainyonya taratibu wiki tatu ambazo gari lilikuwa limesimama muda mwingi, na akaniambia betri za aina hii zikikaa bila chaji kunajengeka utando mgumu kwenye sahani zake za ndani, hata ukiichaji baadae hairudi ilivyokuwa. Kwa hiyo kama na wewe umeamua kupaki gari ili "ubane matumizi", ama uliwashe ulizungushe vizuri kila wiki, sio dakika mbili pale pale, ama uchomoe waya wa hasi wa betri. Bima yenyewe haijui kama umepaki, inaendelea kuhesabu siku.

Nikapiga hesabu ya mwisho: safari zote 4 za ukweli za ule mwezi, hata ningelipia teksi na kigari cha mizigo kwa zote, hazifikii kile gari linachokula kwa mwezi likiwa limesimama. Sio kwamba teksi ni rahisi. Gari langu ndo lilikuwa ghali na mimi nilikuwa siangalii.

Mke wangu alikuwa na neno moja kuhusu pikipiki na sikumbishia, pikipiki ni hatari kuliko gari, hakuna ubishi. Helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali kwa karibu asilimia 40, lakini 40 sio 100. Tukakubaliana watoto wote wawili hawapandi kwa pamoja, na usiku wa mvua inalala. Ningekuwa na mzazi asiyeweza kutembea nyumbani, au gari ndo linaniletea kazi, huenda ningeuza pikipiki na kulia peke yangu.

Basi, kuuza. Nilimuuliza fundi nibadilishe taimingi belti kwanza, akasema hapana, hiyo hela hairudi yote kwenye bei, mwambie mnunuzi ukweli mkate kwenye bei. Betri mpya nikaweka kwasababu gari lisilowaka halina mjadala, na taa moja ya nyuma, na kuosha. Yani kuosha na kufuta ndani vizuri nadhani kulifanya kazi kuliko vyote.

Mnunuzi wa kwanza hakuangalia rangi wala redio, alichuchumaa moja kwa moja kwenye tairi akafuta vumbi kwa dole gumba, akanisomea namba nne: 3116. Wiki ya 31, mwaka 2016. Miaka yote nimeendesha sikujua tairi lina tarehe ya kuzaliwa. Alafu nikafanya ujinga, kaniuliza kwanini nauza nikasema "hali imebana kidogo kaka". Nikaona kabisa macho yake yanabadilika, bei aliyokuwa ametaja mwenyewe dakika tano nyuma akaikata robo. Nilitaka kukubali kwa hasira tu linitoke machoni, na hapo ndo sauti ya mama ikaja. Nikamwambia asante, akaondoka.

Wa pili alikuwa dada mmoja, alinipigia akasema kesho saa moja asubuhi nakuja na fundi wangu, naomba usiliwashe. Kweli kafika, kitu cha kwanza kaweka kiganja juu ya boneti kuona kama ni baridi. Nikampenda hapohapo. Gari likiwashwa la baridi ndo linasema ukweli, moshi, milio, kila kitu, likiwa limeshapata moto linaficha mengi. Fundi wake akalinganisha namba ya chesisi, zote 17, na kadi. Mimi nikamwambia belti, nikamwambia matairi, nikamwambia na kiyoyozi kwamba kinapoza taratibu. Alivyoniuliza kwanini nauza nikasema tunatumia kimoja tu, ambacho nacho ni kweli. Akakata kama asilimia 10 ya nilichotaka, tukapeana mikono.

Hela ikaingia benki tukiwa tumekaa wote wawili palepale, na siku ileile tukaenda kubadilisha jina la umiliki. Hilo usiliache kwa "ntabadilisha wiki ijayo", faini za mtu mwingine zikianza kuja kwa jina lako utatafutana naye mpaka uchoke.

Hela yenyewe haikukaa muda. Kodi ya miezi mitatu mbele, deni la dukani, ada, na fungu moja dogo tumelipatia jina kabisa, "teksi", halishikwi kwa kitu kingine hata tukose sabuni. Kila mwezi ile 22 sasa haitoki, na pengo la mshahara limebaki bado ila limekuwa dogo kiasi cha kulala usingizi. Jamaa wa kazini ananiambia subiri msimu wa mvua utanitafuta. Inawezekana.

Usiku wa pili baada ya kuuza simu ikaita, yule dada. Moyo ukashtuka, nikajua injini hiyo, belti hiyo.

"Samahani kaka, buti la gari linafungukaje? Tumezunguka na funguo nusu saa."

Nikacheka kwa kweli, watoto wangu wangemwambia hata wakiwa wamelala. Nikamwambia dada, usilivute, lisukume kwanza chini kwa goti alafu zungusha funguo. Nikasikia goti, nikasikia klik.