Jina la Honora

Watoto wamelala, baba yao amelala, lakini mimi usingizi umenikataa. Tumempata Mary.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Mayo, magharibi mwa Ireland, na kwa miaka mitatu sasa mimi, mkaza mwanawe kutoka Nyeri, ndiye ninayetafuta ukoo wake. Watu huniuliza nahangaika nini na mababu wasio wangu. Lakini ni mababu wa wanangu! Upande wangu nawasimulia mbari yetu hadi kizazi cha sita, na sikutaka upande wa baba yao ubaki mtupu.

Ugumu wenyewe una tarehe. Tarehe 30 Juni 1922, siku za mwanzo za vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za umma pale Four Courts, Dublin, lililipuka na kuteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote zikawa majivu, pamoja na wosia za watu. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu zamani, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sensa kamili ya kale zaidi iliyobaki ni ya 1901. Inaniuma kwa sababu Njaa Kuu, kati ya 1845 na 1852, iliua watu wapatao milioni 1 na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni 1 ng'ambo. Karatasi zilizoungua ndizo zilizokuwa na nyumba walizoziacha.

Bibi tuliyemfuata aliitwa Bridget, mama aliyemzaa nyanya yake mama mkwe. Bridget ni wengi huku kama Wanjiru kwetu. Sensa ya 1901 inasema ana miaka 50. Ya 1911 inasema 65. Nilidhani ni watu wawili. Mzee mmoja ninayekaa naye meza moja Maktaba ya Kitaifa, Kildare Street, ndiye aliyenifumbua macho. Malipo ya uzeeni yalianza Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki kwa aliyefikisha miaka 70, na ghafla kila mtu akataka umri wake wote. Serikali haikuandikisha watoto wanapozaliwa mpaka 1864, kwa hiyo wazee hawakuwa na cheti. Baadhi walijitetea kwa kusema wanaukumbuka usiku wa Upepo Mkubwa, dhoruba ya Januari 1839. Nilimkumbuka nyanya yangu. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, lakini mwenyewe hujihesabu kwa Hali ya Hatari ya Kenya: 1952 alikuwa tayari anabeba kuni.

Njia nyingine ya kuthibitisha umri ilikuwa kuomba karani akutafute katika sensa ya 1841 au 1851, zilipokuwa bado zipo. Sensa ziliungua, ila fomu nyingi za maombi hayo zilinusurika. Ya Bridget ni ya 1916. Karani alinakili alichokiona: kitongoji, jina la baba, mama Honora, kisha watoto. Bridget, miaka 5. Mary, miaka 9.

Niliisoma nimesimama. Mary hajawahi kutajwa katika nyumba hii, hata mara moja. Na kama dada yake mdogo asingehitaji shilingi 5 za uzeeni, asingebaki popote.

Niliwaandikia wenzangu tunaotafuta familia za Mayo, na usiku huohuo mwalimu mmoja mstaafu wa Massachusetts akanijibu. Ni kitukuu cha Mary mmoja mwenye jina lile lile la ukoo. Hati zote za Marekani zinasema bibi huyo alizaliwa Ireland, basi. Miaka 20 mwalimu amekwama kwenye neno hilo moja. Alinitumia majina ya watoto wa Mary kwa mfuatano wa kuzaliwa, nami nikakimbilia wasichana. Wa kwanza: Honora.

Kwetu Wakikuyu, mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama yake. Waairishi wa zamani walifuata mpango huohuo. Tofauti iko kwa wasichana: kwetu wa kwanza humchukua mama wa baba, kwao mama wa mama. Binti yetu alipozaliwa, mama mkwe alikataa kabisa kupewa heshima hiyo, akasema apewe mama yangu. Ndiyo maana nilijua pa kutazama.

Lakini Honora nao walikuwa wengi, na jina peke yake si ushahidi. Mwalimu na mama mkwe walikuwa wameshapima DNA, kila mmoja kwa wakati wake. Tukalinganisha. Kiasi wanachoshiriki ni kile ungekitarajia kwa vitukuu vya dada wawili.

Leo baada ya kanisa tukampigia. Walizungumza zaidi ya saa nzima, wanawake wawili ambao jana hawakujuana. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikimsikia mama mkwe akilitamka jina la kitongoji polepole, herufi kwa herufi, ili yule wa upande wa pili aliandike.