Hopsi barazani, kwenye baridi ya Mbeya

Hopsi, mmea unaopanda kwa kujisokota, wengi wanaijua kwa uchungu wa bia, lakini majani yake mapana yenye mikato yanaipamba baraza vizuri.

Mvua za Novemba zikikolea, fukia kipande cha mzizi chenye macho sentimita 5 chini, kwenye udongo wenye samadi iliyooza. Samadi mbichi itakiunguza.

Haina vikono vya kushikia kama pasheni. Shina hujisokota, likijishikiza kwa vinyweleo vya ndoano (pitisha kidole uone linavyokwaruza), kwa hiyo ukuta mtupu haliuwezi. Simamisha kamba ya katani, kisha zungusha chipukizi kufuata mishale ya saa. Ukilizungusha kinyume, litaachia. Machipukizi 3 kwa kamba yanatosha, mengine kata.

Usitarajie mita 6 kama Ujerumani. Kule majira ya joto urefu wa mchana hufika saa 16. Mbeya hauzidi sana 12 na nusu, basi mmea hutoa maua ungali mfupi. Taa ya baraza ikiurefushia mchana, mmea utaendelea kurefuka.

Mvua ikizidi, chuma majani ya chini hewa ipite, la sivyo ukungu mweupe utayafunika. Maua yaliyodondoka yafagie: ni sumu kwa mbwa.