Bei ya Tonge

Hogo, ile plasta ngumu ya mkononi, lilipokatwa, wiki sita baada ya kuanguka na bodaboda, nilidhani yameisha. Nilirudi Ujiji mkono mwepesi kama si wangu. Jioni binti yangu akasonga ugali, nikanawa, nikamega tonge. Mkono ukapanda hadi usawa wa kifua, ukagoma, kama mlango uliovimba kwa masika. Watoto wakatazama pembeni. Mkono wa kushoto kwetu haushiki tonge, basi mwaka 2019, mtu mzima wa miaka 41, nikalishwa na mwanangu.

Ndipo nikaanza kwenda mazoezi. Kwenye karatasi waliandika fiziotherapia. Sisi wa kwenye benchi tulisema mazoezi tu, utadhani tunachezea timu. Kijana wa mazoezi alinipima kiwiko kwa kitu kama rula mbili zilizoshikwa na msumari. Kilikunjika nyuzi 75. Kufikisha chakula mdomoni, akasema, kunataka nyuzi kama 130. Nije mara tatu kwa wiki, mwezi mzima.

Kila nikienda, elfu tano ya mazoezi, elfu moja ya daladala kwenda mjini na kurudi. Hiyo ni ile inayoonekana. Siku ya mazoezi meza yangu ya mawese haifunguliwi, na wale wanaopakia madumu kwenye treni ya Tabora hawamngoji mtu. Wanahamia meza ya jirani, na wakihama wamehama. Bima sikuwa nayo. Ile CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, nilikuwa naikwepa kila walipopita kuandikisha. Hapo kosa ni langu.

Siku ya tano nilipanda daladala nikipiga hesabu. Mara nne nimeshatoa 24,000, na kiwiko kimefika nyuzi 87. Nyuzi moja, elfu mbili. Zimebaki 43. Nilipofika nikamwambia kijana wazi: kuna mama mtaani anakanda kwa mawese ya moto, anachukua elfu mbili tu.

Akaiweka rula chini.

"Mama, kiwiko hakilazimishwi. Kikikandwa kwa nguvu, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli. Hapo hata mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Akanipa mpini wa ufagio niushike kwa mikono miwili, mzima umsukume mgonjwa, nikifika kwenye maumivu nisimame hapo nihesabu hadi thelathini. Kumi na mbili nilishauma mtandio. Ishirini machozi yakatoka. Pembeni, katikati ya vyuma viwili, mzee wa kiharusi alikuwa akijifunza kusimama, kiuno kimeshikwa na mjukuu wake mwenye sare za shule. Tulikuwa tumeshaamkiana: shikamoo, marahaba. Akanitazama, na kwa mdomo wake uliopinda akasema taratibu:

"Lia, binti yangu. Humu hamna mkwe."

Nikacheka huku nalia. Mjukuu akacheka, vyuma vikatikisika, kijana akakimbia kumdaka mzee. Nilipopimwa, nyuzi 93. Kijana akasema muda wote nilikuwa naukaza mkono mwenyewe kwa woga.

Wakati wa kutoka nilimuuliza yule mtoto yuko darasa la ngapi. La saba. Siku za babu mazoezi, haingii darasani. Baba yuko ziwani, mama ana kichanga. Nikahesabu miezi iliyobaki hadi mtihani, nikanyamaza.

Wiki iliyofuata hawakuja. Ya pili pia. Kila mlango ukilia kijana aligeuka, kisha akarudi kwenye kiwiko changu. Sikuuliza.

Mimi nilifika mara ya tisa, nyuzi 118, nikaishia hapo. Dumu la mwisho nilishaliuza kwa bei ya kutupa. Mpini wa ufagio niliendelea nao nyumbani, siku nyingine ndiyo, siku nyingine usingizi.

Tonge sasa nafikisha mwenyewe, ila lazima niinamishe kichwa nilifuate. Wageni wakiniona hunyamaza kidogo. Wanadhani naomba dua.