Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers: pini zimeanza kutoka Dar es Salaam

Hatimaye ramani imekubali! Pini zilizokuwa zimerundikana Dar es Salaam kama nzi kwenye embe zimeanza kwenda zinakostahili: Lukigura, Beho Beho, Mahiwa. Nimelisumbukia jambo hili kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi, na leo nina furaha ya kweli.

Kwa wanaoingia sasa: nachora safari na vifo vya batalioni ya 25 (Frontiersmen) ya Royal Fusiliers, kikosi cha jeshi la Uingereza kilichopigana na Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzizi wake ni Legion of Frontiersmen, jumuiya ya kujitolea aliyoianzisha Roger Pocock mwaka 1905 ili watu waliozoea pori, bahari na vita vya mbali wawe akiba ya Uingereza siku ya shida. Daniel Patrick Driscoll, aliyeongoza skauti wake mwenyewe katika Vita vya Makaburu, aliiunda batalioni Februari 1915. Mei wakashuka Mombasa bila kupitia mafunzo ya kawaida ya jeshi, na Juni wakavuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba na kuvunja kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Mji ukaporwa. Mwaka 1918 batalioni ikavunjwa. Maisha yake yote hayakufika miaka minne, na hiyo ndiyo sababu niliipenda: ni kitu kidogo ambacho mtu mmoja anaweza kukikamilisha.

Sasa shida yenyewe. Ukichukua orodha ya marehemu kutoka Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ukaiweka kwenye ramani, inakuonyesha kaburi lilipo leo. Hapo ndipo kila kitu kinaharibika kwa upande wa Tanzania. Mwaka 1968 makaburi 660 ya Ocean Road yalihamishwa kupisha barabara mpya, yakapelekwa kwenye makaburi ya vita yaliyopo njia ya Bagamoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za nchi, kwa sababu kuyatunza huko yalikokuwa hakukuwezekana tena. Kwa hiyo askari aliyefia ndani kabisa ya bara, hata miezi kabla Dar es Salaam haijatekwa Septemba 1916, leo yuko Dar es Salaam kwenye orodha. Ramani yangu ilikuwa inasema batalioni nzima ilifia kando ya bahari. Uongo mtupu, na umetoka kwenye data ambazo kila moja ni sahihi.

Kenya nako ni hivyo hivyo, ila kwa kipimo kidogo. Mtazameni Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alipigwa risasi ya mguu, na wenzake walikuwa tayari wanambeba. Alipoona majeruhi wengine hawawezi kuchukuliwa na adui yuko hatua chache tu akiwaua waliolala chini, alisisitiza aachwe nao ili ajaribu kuwaokoa. Akauawa, akatunukiwa Msalaba wa Victoria. Kaburi lake liko Voi. Ukiweka pini Voi umemnyang'anya mtu huyu kitendo chake, kwa sababu kilichotokea kilitokea Maktau, kule reli ya kijeshi ilikokuwa inasogezwa kuelekea Taveta.

Kilichosaidia ni kuacha kuuliza “kaburi liko wapi” na kuanza kuuliza “siku ile batalioni ilikuwa wapi”. Kila marehemu sasa ana sehemu mbili, ya kufa na ya kulala, na mstari mwembamba unaoziunganisha. Kwa siku za mapigano hili linafanya kazi vizuri ajabu. Tarehe 24 Juni 1916 ni Lukigura. Tarehe 4 Januari 1917 ni Beho Beho, siku aliyouawa Kapteni Frederick Selous, yule mwindaji mashuhuri, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 65. Kuanzia 15 hadi 18 Oktoba 1917 ni Mahiwa, huko Lindi, ambako batalioni ilivunjika vibaya mno. Selous ndiye pini iliyonipa raha kuliko zote, maana hakuhamishwa. Yuko palepale Beho Beho, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na mstari wake una urefu wa sifuri.

Wasio na kaburi linalojulikana wana utaratibu wao. Waliokufa kuanzia Januari 1917, ukiondoa waliofia Kenya, majina yao yako kwenye mnara wa kumbukumbu wa Dar es Salaam. Wa kabla ya hapo wako Nairobi. Ukilijua hilo unapata njia ya kuhakiki: jina likiwa kwenye mnara usiolingana na tarehe, tarehe ina walakini.

Na tarehe zilikuwa na walakini kwelikweli! Programu ya majedwali niliyokuwa naitumia ilikuwa inageuza siku na mwezi kimyakimya kwa mtindo wa Kimarekani. Tarehe 3/9/1915 ya Maktau ikawa 9 Machi 1915, wakati batalioni haijaondoka hata Uingereza. Wa Beho Beho wakawa wamekufa 1 Aprili, wakati kikosi kimeshaondolewa mstari wa mbele. Mahiwa na Lukigura hazikuguswa kwa sababu hakuna mwezi wa 15 wala wa 24, na hapo ndipo nilipoushika mkia wa tatizo. Ilinikasirisha sana. Programu haina haki ya kubadilisha siku ya kifo cha mtu bila kuuliza. Sasa naandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na safu nzima naihifadhi kama maandishi. Fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza.

Upande wa ramani nabaki na QGIS, programu ya kuchorea ramani. Ni nzito kwenye kompyuta ya zamani, lakini inanipa uhuru wa kuzipachika juu ya ramani ya leo zile karatasi za ramani za Kijerumani za 1:300,000, ambazo kwa maoni yangu ni kazi ya mikono safi kuliko ramani nyingi za Waingereza za wakati huo. Usizishikize kwa mito. Mto unahama, na Rufiji hauna adabu kabisa. Shikiza kwa stesheni za Reli ya Kati, makanisa ya misheni na vilele vya milima, karatasi italala vizuri.

Kinachogoma bado ni wagonjwa. Mtu aliyeshikwa na malaria au kuhara damu kambi ya Msiha aliweza kupelekwa nyuma, hospitali hadi hospitali, akafa wiki kadhaa baadaye ilhali wenzake wako mbele kabisa. Tarehe haisemi alikuwa wapi. Faili zao za utumishi ndizo zingesema, lakini sehemu kubwa ya faili za askari wa Kiingereza wa vita ile iliteketea London, Septemba 1940, ghala liliposhambuliwa kwa mabomu. Hawa nimewachorea eneo pana lenye rangi hafifu, bila pini. Sipendi, lakini ni haki zaidi kuliko kubahatisha.

Nilikuwa nimepanga sasa nichore mapumziko yao ya Cape, Afrika Kusini, mwaka 1917. Nimeuweka kando mpango huo. Nikifuatilia uhamisho wa 1968 nimekuta kwamba makaburi ya Waafrika pale Ocean Road hayakuwa na alama ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo walizikwa upya kwa pamoja. Ripoti ya Kamisheni yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Mimi nahangaika na mstari wa Dartnell kutoka Maktau hadi Voi, na mpagazi aliyembebea chakula askari wa batalioni hii hana hata nukta.

Majina yao siwezi kuyarudisha kwa QGIS. Njia zao naweza kuzichora, kwa sababu batalioni ilikula kilichofika kichwani mwa mtu. Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi, na kadiri njia inavyorefuka ndivyo wapagazi wanavyokula sehemu kubwa zaidi ya walichobeba, kwa hiyo wanahitajika wapagazi wengine wa kuwalisha wapagazi. Leya mpya (tabaka jipya la ramani) imeshafunguliwa. Naanza na njia ya kutoka stesheni ya Mikese kupitia Tulo hadi Duthumi, iliyokuwa ikilisha mapigano ya Beho Beho. Mwenye ramani nzuri ya kipande hicho kabla ya barabara za sasa, naomba anitumie.