Bagamoyo kwa njia ya wapagazi

Nilishuka stendi ya Bagamoyo saa saba kasoro, jua la utosi, na kabla ya magharibi nilitakiwa niwe kwenye gari la kurudi Dar. Mara ya kwanza kwenda huko nilikimbizana na kila kilichotajwa: Kaole mbio, ngome mbio, misheni mbio. Nilirudi na picha tele, lakini ungeniuliza kipi kilitangulia kipi ningebaki kukodoa macho. Safari hii niliifuta Kaole, maana magofu yenyewe yako kilomita kadhaa kusini mwa mji, nikaamua kuufuata mji kama walivyoufuata wapagazi: kutoka bara kwenda baharini.

Nilianzia misheni kwa bodaboda, ili miguu niitunze kwa ajili ya mji wenyewe. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868. Februari 1874 ndipo Chuma na Susi, watumishi wa mvumbuzi Mwingereza David Livingstone, pamoja na wenzao walipoufikisha mwili wake, baada ya kuubeba miezi mingi kutoka kule ambako leo ni Zambia. Mnara wa kanisa la zamani unaitwa kwa jina la Livingstone. Mimi ningeuita kwa jina la waliombeba, lakini hakuna aliyeniuliza.

Kilichonishika zaidi ni mbuyu. Kwenye shina kuna mnyororo, au tuseme kipande chake, kwa sababu uliobaki umemezwa na mti. Husimuliwa kwamba mama mmoja wa misheni alikuwa akifungia hapo punda wake, akausahau. Niligusa pale chuma kinapoingia: gome limevimba pembeni kama mdomo uliofumbwa, na pete inayoonekana imeshika kutu. Nilikaa hapo nusu saa nzima, na sijutii.

Karavanserai niliipitia haraka. Ndipo misafara iliyotoka bara ilipokuwa ikifikia, na ukishaelewa hilo, ua na vyumba vinajieleza.

Kutoka hapo nilishuka kwa miguu hadi Mtaa wa India, na hapo nikapunguza mwendo. Kuta za mawe ya matumbawe zimechubuka chokaa, milango mingine ina nakshi kali, mingine imebaki fremu tu. Mzee mmoja aliyekaa barazani aliniona nimesimama muda mrefu mbele ya mlango mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta alipoanguka yule Mjerumani?"

Sikuwa natafuta, lakini nikakaa. Alimaanisha Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria kule kusini mwa Sudan, aliyefikishwa pwani na mvumbuzi Stanley Desemba 1889. Wajerumani wakawafanyia karamu, na Emin, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, akaanguka kutoka ghorofani. Hakufa. "Kakata pori lote lile salama," mzee alisema, "kaja kushindwa na nyumba."

Nikamuuliza na maana ya jina la mji. Alinipa zote mbili: mpagazi anabwaga moyo kwa kuwa mzigo umefika, na mtumwa anaubwaga moyo wake huku kwa kuwa akivuka maji harudi. Ipi ya kweli? Akacheka. "Inategemea ulikuwa umebeba au umefungwa."

Saa kumi na moja nilikuwa ufukweni, karibu na jengo la forodha la Wajerumani. Maji yalikuwa yamekupwa na majahazi yamelala ubavu kwenye mchanga. Vijana walikuwa wakitoka kwenye mashua, maji magotini, kila mmoja na tenga la samaki kichwani. Mmoja alipokaribia nilimpisha. Alilitua tenga, akanyoosha mgongo, akashusha pumzi ndefu, kisha akageuka kufuata jingine.

Gari la kurudi nilidandia likiwa linaondoka, viatu vimejaa mchanga.